Chumba cha kujinasua Lubumbashi: nyumba tunayo, kuran (umeme) inakatika, tuanze na nini?

Mwana_Kalubwe

Jambo yenu, wakubwa kwa wadogo. Tuko watatu, tunataka kufungua chumba cha kujinasua hapa Lubumbashi. Kikundi kinaingia, kinategua mafumbo, kinatakiwa kimalize kabla ya dakika 60. Nyumba tumepata, zamani ilikuwa duka: sebule ya kupokelea watu, vyumba viwili vya mita 4 kwa 5, korido, mlango wa mbele na mlango wa jikoni. Madirisha yote yana antivole, vile vyuma vya kuzuia wezi. Seremala tunaye, na mmoja wetu anajua kuprogramu Arduino, kile kikompyuta kidogo cha kuendesha vifaa vya umeme.

Hadithi ya chumba cha kwanza ni ofisi ya mhandisi wa mgodi, mwaka 1956, misalaba ya shaba imepotea na treni inaondoka baada ya saa moja.

Maswali: tutumie kadena (kufuli) za namba au sumaku za umeme? Kuran ikikatika dakika ya 40 tunafanyaje? Mafumbo mangapi yanatosha? Na bei, kwa kichwa au kwa kikundi? Tafadhali msinijibu "inategemea". Nipeni vipimo.

Mama_wa_Bel-Air

Mdogo wangu, umeuliza manne, lakini lililotakiwa kutangulia hujaliuliza: moto ukiwaka, watu wanatokea wapi? Januari 2019, mjini Koszalin, Polandi, wasichana watano wa miaka 15 walikufa katika chumba cha mchezo huu huu. Moto ulianzia mapokezi, kwenye kipasha joto cha gesi, wao wakiwa ndani na hawana pa kutokea. Sasa soma tena maelezo ya nyumba yako: mapokezi mbele, vyumba nyuma, chuma kwenye kila dirisha. Ramani ni ile ile.

Kwa hiyo, mlango walioingilia wateja haufungwi. Unarudishwa tu, na mpini wa ndani unafanya kazi mwanzo hadi mwisho. Hadithi yako inaruhusu: hawatafuti kutoka, wanatafuta misalaba. Kinachofungwa ni kabati, sanduku, na mlango wa chumba cha pili, basi. Anayetaka kutoka kwenda msalani atoke bila kuomba ufunguo.

Antivole: kila chumba chagua dirisha moja, mwite fundi wa kusudia (wa kuchomelea vyuma) akate fremu nzima, aitie bawaba upande mmoja na komeo la kuvuta kwa ndani. Komeo, si kufuli. Tundu liwe la kupitisha mtu mzima mnene, na chini yake nje pasiwe na pipa wala matofali. Mlango wa jikoni ufunguke kuelekea nje, na saa za kazi usiwe na ufunguo mfukoni mwa sentineli aliyekwenda kununua mkate.

Kuta: wengi hubandika frigoliti (lile povu jeupe la kufungashia vitu) au sponji ya godoro ili kelele zisitoke. Usithubutu. Vinashika moto haraka, na moshi wake unaua kabla ya moto wenyewe. Kelele punguza kwa rafu zilizojaa vitabu na mafaili ya zamani, ambayo ofisi ya mhandisi inayahitaji hata hivyo. Hakuna mshumaa, hakuna mbabula (jiko la makaa), hata kama hadithi ni ya 1956. Jenereta iwe nje mbali na madirisha, bomba la moshi likitazama upande wa pili. Kizima moto cha poda cha kilo 6 kiwe koridoni, cha CO2 kando ya vifaa vya umeme, na kila mfanyakazi awe ameshawahi kuvuta pini kwa mkono wake.

Jambo la mwisho, la kwetu hapa. Msiweke mtu aliyevaa sare za kiaskari, wala bunduki ya kuchonga, wala mchezo wa kutekwa nyara. Jirani akisikia mayowe na kuona mtu ana bunduki, hatasubiri maelezo. Mwambieni shefu wa kata mapema kwamba kutakuwa na kelele za mchezo na saa zake ni zipi.

FundiWaya

Mama amesema. Nami naanzia kwenye mlango huo wa chumba cha pili, kwa sababu ndio utakaowekewa sumaku. Kitufe chekundu cha dharura kikate waya wa chanya wa sumaku moja kwa moja, bila kupitia Arduino. Arduino ikiganda, kitufe kinachoiomba ruhusa kimekuwa pambo. Weka kimoja kila chumba na kimoja kwa msimamizi. Na chagua sumaku inayoshika ikiwa na umeme na kuachia ukikatika. Kitasa cha umeme chenye ulimi unaobaki umefunga kisikaribie mlango ambao watu wanapita.

Kuran: usiiache SNEL, shirika la umeme, iendeshe mchezo. SNEL ichaji batri, batri iendeshe mchezo. Kila kitu chumbani kiwe cha volti 12: sumaku, taa za LED, kamera, spika. Hapo kuran ikikatika dakika ya 40 wachezaji hawatajua.

Hesabu: sumaku nne za ampea 0.3 ni 1.2. Taa 2. Kamera na kinasa chake 2. Spika 1. Arduino na vidude vyake 0.3. Jumla 6.5. Batri ya asidi ya Ah (ampea-saa) 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo mkononi una Ah 50, ambazo kwa 6.5 zinakupa saa saba na nusu hivi. Batri ya gari haifai. Imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, ukiinywesha nusu kila siku haitadumu.

Wanaokosea hukosea kwenye chaja. Chaja ya ampea 10, mchezo unakula 6.5: batri inabakiwa na 3.5. Kuran ikirudi kwa muda wa saa nne tu kisha ikakatika tena, hujarudisha kitu. Nunua ya ampea 20. Na kuran inaporudi huja na kishindo, kwa hiyo kabla ya chaja weka kidhibiti volteji chenye kuchelewa dakika tatu. Fyuzi ya ampea 10 iwe kwenye waya unaokwenda kwenye mchezo, karibu kabisa na nguzo ya chanya ya batri, na batri yenyewe ikae penye hewa, si chini ya meza ya wachezaji, maana ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Waya: msitandaze ule mwembamba wa kengele wa milimita za mraba 0.22 kwa sababu ni rahisi kuuficha. Mita 20 kwenda na 20 kurudi ni omu 3 na kitu. Sumaku kubwa ya kilo 280 inakula karibu ampea 0.5, hivyo volti 1.6 zinapotea njiani, nayo inashika kivivu. Mchezaji mwenye mabega akivuta, mlango umefunguka na fumbo limeruka. Tumia waya wa 1.5. Kwa makabati sumaku ya kilo 60 inatosha, ila weka springi nyuma ya mlango, kwa sababu chuma hubaki na usumaku kidogo na mlango haujitupi wenyewe. Mchezaji akitegua fumbo halafu kabati likabaki kimya, atadhani amekosea.

Mawili ya kuprogramu. Kila sumaku na kila relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ipigiwe dayodi ya 1N4007 kwenye nguzo zake, ule mstari mweupe upande wa chanya. Bila hiyo, sumaku ikizimwa hurusha cheche ya volteji na Arduino inajiwasha upya katikati ya mchezo. La pili: moduli nyingi za relei za bei ndogo huwaka pini ikiwa LOW, yaani haina volti. Kwenye setup andika kwanza digitalWrite HIGH, ndipo pinMode OUTPUT. Ukigeuza mpangilio, kila Arduino inapoamka utasikia "tik" moja, na kabati la mwisho liko wazi kabla kikundi hakijavua koti.

Kadena_Tatu

FundiWaya, heshima yako, lakini mwana Kalubwe asije akajaza chumba waya tupu. Kadena ikiharibika unaibadilisha kwa dakika moja. Kisomaji cha vitambulisho vya umeme kikiharibika Jumamosi mchana umefunga duka. Chumba cha kwanza kiwe theluthi mbili vitu vya mkono, theluthi moja umeme, na umeme huo uwe pale panapotakiwa mshangao: kabati linalofunguka lenyewe, taa inayobadilika.

Mafumbo: kwa watu wanne hadi sita na saa moja, 10 hadi 12. La kwanza liwe jepesi, liteguliwe ndani ya dakika tano, wajisikie wana akili. Baada ya hapo fungua njia tatu zinazokwenda sambamba, kisha zikutane kwenye kitu kimoja. Ukipanga yote kwenye mstari mmoja, wawili wanacheza, wanne wanaegemea ukuta wakitazama simu. Hao wanne ndio watakaosema mjini kwamba mchezo ulikuwa baridi.

Kadena zisizidi tano, na zisifanane. Kadena mbili za namba nne zikiwa wazi kwa wakati mmoja, kila namba itajaribiwa kote kuwili. Ipake moja rangi, au moja iwe ya namba tatu, nyingine ya herufi. Na jua hesabu ya wezi wa dakika: kadena ya namba tatu ina namba 1,000, lakini mwenye mbili mkononi anabakiwa na kujaribu mara 10 tu. Kwa hiyo usiwape tarakimu moja moja. Zije pamoja mwishoni mwa fumbo.

Ya herufi ni tamu kwa Kiswahili, SHABA na MGODI zote zina herufi tano. Ila kabla ya kununua zungusha kila gurudumu: nyingi zina herufi kumi tu kwa gurudumu, na huenda la tatu halina A. Tafuta neno baada ya kuishika kadena, si kabla.

Hitilafu kubwa ya kadena: zile zenye kijiti cha kubadilishia namba pembeni. Mchezaji akiifungua anachezea kijiti, namba inahama, anaifunga, na kikundi kinachofuata kina namba sahihi isiyofungua. Nunua zinazohitaji kipini kubadilisha. Na msimamizi awe na mkasi wa chuma na kadena ya akiba.

Lugha: hati ziwe kwa Kiswahili na Kifaransa, ila jibu lisitoke kwenye lugha moja pekee. Kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu cha UNILU na kikundi cha mama zao vyote vilipe na vyote vitegue.

Mwana_Kalubwe

Aksanti sana. Mama, fundi wa kusudia anakuja kesho kwa ajili ya antivole.

Naomba mlipime fumbo hili. Mizani ya mbao mezani. Misalaba minne ya shaba iliyofichwa sehemu mbalimbali, kila mmoja una tarakimu chini. Upande mmoja wa mizani kuna kifuko kilichoshonwa. Wachague misalaba inayolingana nacho, wasome tarakimu kuanzia mzito hadi mwepesi, wafungue kadena ya namba tatu. Pia tulifikiri kuweka mawe halisi ya mgodini kwa mapambo, na vitambulisho vya redio (RFID) chini ya misalaba ili baadaye iwekwe mezani na kabati lifunguke.

Kadena_Tatu

Fumbo zuri, lina tobo. Misalaba minne, uchague mitatu: njia nne. Kuipanga mitatu: njia sita. Jumla 24, watazijaribu zote bila kuigusa mizani, na watasema wametegua. Fanya hivi: kadena iwe ya namba nne, na tarakimu ya nne itoke kwenye tiketi ya treni iliyo kwenye njia nyingine. Mara moja 24 zinakuwa 240.

Uzito: usiukadirie. Uwe gramu 100, 200, 400 na 800, kila mmoja mara mbili ya mwenzake. Kwa mpangilio huo kila jumla inapatikana kwa njia moja pekee, na tofauti ya karibu kabisa ni gramu 100, ambayo mizani ya mbao inaionyesha bila ubishi. Kifuko kiwe gramu 1,300, yaani 800, 400 na 100. Ukitumia uzito wa ovyo, 250, 400, 550 na 700, utakuta 250 na 700 ni sawa na 400 na 550, na wateja watakuonyesha hilo mbele ya watu.

Misalaba yote iwe na umbo moja na ukubwa mmoja, ndani iwe na uwazi tofauti. Ikitofautiana ukubwa wataipanga kwa macho. Mkono wa mizani uwekewe vizuizi vya chini pande zote mbili, maana mtu wa tatu ataulalia kiwiko.

Mawe halisi acha. Mawe ya Katanga mengine yana urani ndani, na kwa jicho huwezi kujua. Isitoshe, kuwa na madini ghafi nyumbani bila karatasi ni kujitafutia maelezo marefu. Finyanga kwa jasi na gundi, paka kijani na weusi kidogo, kwenye mwanga wa taa ya meza hakuna atakayejua.

FundiWaya

Kuhusu vitambulisho: ukikibandika moja kwa moja juu ya shaba hakitasomeka. Chuma chochote mgongoni kinaua mawimbi yake. Chimba msalaba, weka kipande cha mbao cha milimita 5 hadi 10, kitambulisho juu yake, kikitazama chini. Kisomaji cha RC522 kinafika kama sentimita 3 tu, kwa hiyo ubao wa meza juu yake usizidi milimita 6. Na kinataka volti 3.3, ukikipa 5 umekizika. Waya zake ziwe fupi, sentimita 30 hivi. Ukitaka visomaji vinne, weka Arduino Nano moja kwa kila kimoja, usivute waya za mita mbili kuvifikisha kwenye Arduino moja. Afadhali zaidi: sumaku ndogo ndani ya msalaba na swichi ya sumaku chini ya meza. Haina programu, haina hasira. Ila swichi hiyo iende kwenye pini ya Arduino tu. Ukiipitishia umeme wa sumaku ya mlango, vidole vyake vinaungana na kubaki vimeshikana.

Hesabu_Safi

Bei: kwa kikundi. Kwa kichwa, wawili watakuja Jumamosi jioni na kukuzibia saa ambayo sita wangeilipa. Weka bei ya kikundi hadi wanne, na nyongeza ndogo kwa wa tano na wa sita.

Zamu moja ni dakika 90: 10 za maelezo, 60 za mchezo, 15 za kupanga upya, 5 za picha na kuaga. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa moja jioni unapata zamu sita kwa chumba. Usihesabu sita. Katikati ya wiki utapata chache, na bajeti iishi kwa chache. Mfano, weka namba zako mwenyewe: pango dola 350, wafanyakazi wawili 300, umeme, mafuta na intaneti 120, matengenezo 80. Ni 850. Kikundi kikilipa 25, unahitaji vikundi 34 kwa mwezi kufikia sifuri, yaani vinane hadi tisa kwa wiki. Ukiona huwezi kuvitaja vinane hivyo vitatoka wapi, usipake hata rangi. Hapa mjini vinatoka kwenye kampuni za migodi zinazotafuta shughuli ya wafanyakazi, shule, vijana wa kanisa, na siku za kuzaliwa. Kampuni zitakuomba fakture, kwa hiyo pita Guichet Unique, ofisi ya kusajili kampuni, upate mapema namba ya RCCM, yaani ya usajili wa biashara. Kibao cha nje kiulizie kodi yake kwenye komuni kabla ya kukipachika. Muziki tengeneza wenu, au SOCODA, shirika la haki za watunzi, watakuja na haki yao.

Kuchelewa: arboni (malipo ya awali) ya nusu kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money siku ya kuhifadhi nafasi. Andika kwenye ujumbe saa ya kufika, dakika 15 kabla, wala si saa ya kuanza mchezo. Aliyechelewa 20 anacheza 40. Ukimpa saa nzima mara moja, siku yote imesogea.

Kabla ya kufungua, pitisha vikundi 10 bure, na visiwe vya marafiki. Andika dakika ambayo kila fumbo limeteguliwa. Fumbo lililokula zaidi ya dakika 12 kwa vikundi vitatu si gumu, lina maelezo mabovu. Karibu nusu ya vikundi wakimaliza, usiguse tena.

Mama_wa_Bel-Air

Kuhusu zile dakika 15 za kupanga upya, mtu asifanye kwa kichwa. Karatasi iliyofunikwa plastiki, vitu vimepangwa kwa mzunguko wa chumba kuanzia kushoto mwa mlango, si kwa mpangilio wa hadithi, ili mtu atembee mara moja tu. Mstari wa kwanza: vuta mpini wa mlango kwa ndani. Wa pili: fungua na ufunge antivole. Kisha ndiyo misalaba.

Kadena_Tatu

Na kile kifuko cha gramu 1,300 msijaze mchanga. Mvua za Novemba zikianza unanyonya unyevu, uzito unapanda, na mizani inalala upande mmoja hata jibu likiwa sahihi. Jazeni bolti na nati, mkipime kwa mizani ya dukani, mshone mara mbili. Watoto watakifungua.

Mwana_Kalubwe

Seremala alikuwa ameshakijaza mchanga. Nimemwambia akifumue.